Safu ya Mwisho ya Daftari

Sisi ni watatu tu, na hatulipwi.
Mimi Hombolo, nyuma ya nyumba za walimu,
Ndahani kule Bahi, fundi redio,
na Sechelela, nesi wa zamu za usiku, Mvumi.
Kila saa tatu asubuhi, si na dakika tano,
tunainamia kikopo cha mvua
kama watu waliodondosha sindano.

Miaka kumi na moja tumeandika sifuri.
Sifuri, sifuri, chembe, sifuri.
(Chembe ni mvua iliyolowanisha kikopo
ikaona aibu kupimwa.)
Wingu la huku hupita juu ya Chenene
kama mgeni aliyekumbuka kitu alichosahau kwao:
linageuza, halirudi.

Mwaka huu Novemba haikubisha hodi.
Kufikia Krismasi kalamu yangu ya kwanza ilikwisha.
Ndahani alipiga simu usiku wa manane,
bati linanguruma nyuma ya sauti yake:
"Sitini na nane! Na bado!"
Asubuhi Sechelela akatuma ujumbe:
"Sabini na moja. Pole sana, fundi."
Tulicheka kama wezi wa kuku.
Maji ya Bahi yalikwisha panda tuta la reli.
Hatukuuliza habari za mpunga.

Kisha Jumanne moja ya Februari, saa kumi jioni,
mbingu ikawa rangi ya jicho lililopigwa ngumi.
Kwanza jiwe moja, juu ya sufuria ya mtu.
La pili.
Halafu lori zima la kokoto.
Dakika kumi na tisa; nilizihesabu chini ya meza.

Kimya kilipokuja kilikuwa cheupe.
Mbuzi wanainua mguu mmoja mmoja,
hawaamini ardhi.
Mwanafunzi wangu wa darasa la tatu,
aliyeona mlima kwenye kalenda ya duka,
anapiga kelele: "Theluji! Mwalimu, theluji!"
Nikataka kumsahihisha.
Sikumsahihisha.

Sikungoja saa tatu.
Mawe hayapimiki yakiwa mawe:
unapima kwanza maji ya moto, milimita ishirini,
unayamimina juu yake, unasubiri yasalimu amri,
kisha unatoa ulichotia wewe
ibaki ya mbingu peke yake.
Arobaini na tatu.
Mkono ulitetemeka, na si kwa baridi.

Ndipo nikamwona Nyemo, ng'ambo ya ua wa minyaa.
Ekari moja na nusu ya mizabibu,
wiki mbili kabla ya mavuno.
Majani yamekatwakatwa kama mchicha wa kuunga,
vichala vimelala kwenye weupe
mfano wa shanga baada ya ugomvi.
Nilificha daftari nyuma ya mgongo.
Mtu mzima, na miwani yangu.

"Imekuwa ngapi, mwalimu?"
Nikamwambia.
"Hiyo ni kubwa?"
"Tangu nianze kupima, haijawahi."
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea risiti.
"Afadhali," akasema.
"Nisingependa kuvunjwa na ndogo."

Safu ya mwisho ya daftari huitwa Maelezo.
Ina upana wa vidole viwili.
Kwa kawaida naandika: ngurumo. Au: upepo.
Nikaandika: mawe, ukubwa wa kunazi.
Nikaandika: Nyemo, ekari moja na n—
herufi zikapanda pambizoni,
zikaanza kushuka upande wa pili.

Mpaka giza tulichambua zilizo nzima,
vidole vimekufa ganzi,
kila kimoja na ndoo yake ya rangi ya zamani.
Simu iliita mara tatu mfukoni.
Nyemo akafuta moja kwa kitenge, akanipa:
"Onja. Huenda ndiyo faida."
Baridi iliingia hadi kwenye mbegu,
na utamu ulichelewa,
ukaja.

Mara ya nne nikapokea.
"Ngapi?" Ndahani, kabla hata ya salamu.
"Ngapi? Sema basi!"
Mdomo wangu ulikuwa umejaa.